Mwenye Lawama na Aseme

Kwetu, ukoo wa amaBhele, hakuna kitu kinachoharibika chenyewe. Chungu kikiungua, kuna aliyekiunguza. Mvua ikichelewa, kuna aliyeizuia kwa mdomo wake. Mtu akifa na miaka yake tisini, meno hana, macho hana, bado baada ya maziko utasikia watu wananong'ona pembeni, "Hivi siku ile alikuwa na nani?" Lawama kwetu haikosi mwenyewe. Ikimkosa, inatafutiwa. Nimekulia humo na kazi hiyo naijua vizuri. Nimewahi kumlaumu hata jogoo.

Kwa hiyo naanza mimi kusema, kabla hujasimuliwa na wengine. Kaka yangu Dumalisile alipougua, niliitwa. Simu ilinifikia.

Miaka tisa nilikuwa sisemi naye. Nilimkimbia mume wangu na virago kichwani, nikaja kwetu, na kaka akanirudisha kutoka mlangoni, mbele ya watu waliokuwa wanakunywa pombe. "Kaburi la mwanamke liko kwa mumewe," akasema. Hata maji sikupewa. Nikageuka, lakini kwa mume sikurudi. Nilikwenda mjini Gqeberha nikafua mashuka ya hoteli mpaka vidole vikapinda. Nikaapa kwamba Dumalisile atanifuata mwenyewe aniombe radhi, au tutaonana huko wanakoonana wafu.

Aliyenipigia ni MaMpinga, mke wa Mawande, mtoto wa Dumalisile. Alikuwa ameolewa miezi minane tu, na kule nyumbani mtandao haupatikani mpaka upande kilima nyuma ya josho la ng'ombe. Kumbe mkwe huyo alikuwa anapanda kilima kwa ajili yangu, na mimba ya miezi saba. Jumanne akaniambia, "Shangazi, baba anaumwa sana. Anakuita. Ana neno anataka kukuambia."

"Mwambie na yeye ana miguu," nikamjibu.

Sikujua kwamba mmoja ulikwisha katwa kwa ajili ya sukari. Nani angejua? Jumatano akapiga tena, anahema. "Shangazi, baba hasemi vizuri tena. Lile neno ameniachia mimi. Ameniapisha nisiliseme kwenye simu, nikuambie uso kwa uso. Njoo, Shangazi, nakuomba." Nikasema nitaona. Alhamisi simu ikalia, ikalia, ikalia, inatetemeka juu ya meza ya kupigia pasi, nami naitazama tu. Ijumaa Dumalisile akafa.

Siku ya maziko mdogo wetu Gcinumzi akanijia, macho mekundu. "Dada, alikufa anakuita. Mbona hukuja?"

Na mimi nikasema, "Kwani nani aliniambia?"

Sikiliza vizuri. Sikusema kwamba sikuambiwa. Niliuliza swali. Lakini watu wote walikuwa wanajua nani alitumwa kupanda kilima, na macho yote, jamani, yakageuka mara moja kwa yule binti na tumbo lake. Akainamisha kichwa. Mke wa miezi minane hawezi kubishana na shangazi wa mumewe mbele ya jeneza. Kwetu hayo hayafanyiki. Nikangoja aseme. Hakusema. Na mimi nikanyamaza, na kadiri siku zilivyopita lile swali langu likawa ndiyo habari yenyewe: MaMpinga alitumwa, MaMpinga hakupiga.

Ukaisha mwaka, ikawa ni wakati wa kumchinjia Dumalisile ng'ombe wa kumrudisha nyumbani, awe pamoja na wazee wetu waliotangulia. Nilikwenda mapema, Jumanne, kwa ajili ya kupika pombe. Watu walisema, ona MaBhele, ndiyo mimi, alivyompenda kaka yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitaka lile neno. Mwaka mzima lilikuwa linanila. Alitaka kuniomba radhi? Au alitaka kunilaani mara ya pili, aende akiwa ameridhika? Neno langu lilikuwa kifuani mwa yule binti, na kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba simu ilifika. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata yenyewe ilikuwa MaMpinga.

Nikaanza kumchunguza. Nilipoingia alinipokea kwa magoti, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, shali mabegani, kila kitu sawasawa. Sawasawa mno! Mtu uliyemharibia jina anakuletea chai na biskuti mbili kwenye kisosi? Chai ile niliinusa kabla sijainywa. Nikamwona anaificha simu yake kifuani, nikajiuliza anatunza nini humo. Akizungumza na mumewe nyuma ya nyumba, nakaza masikio. Akinyamaza, ndiyo kabisa sipati usingizi.

Wifi yangu MaRhadebe, mjane wa Dumalisile, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu na macho mazima, akaniona. "Wifi, mbona humbandui macho huyo mtoto? Amekukosea nini tena?"

"Hajanikosea kitu. Namtazama tu."

"Hata paka humtazama panya hivyo hivyo."

Akacheka, mimi sikucheka. Alimaanisha nini? Anajua? Nilikaa nalo neno hilo siku nzima.

Alhamisi tulibaki wawili jikoni, mimi na MaMpinga, tunachuja pombe. Mtoto wake, Lilitha, amelala mgongoni. Nikaona hapa hapa. Nikaanza kwa mbali.

"Marehemu alikuwa na maneno mengi siku za mwisho?"

"Alikuwa nayo, Shangazi."

"Kama yapi?"

Akakamua kichujio mpaka maji yakakauka. "Mengine ya watu wote. Mengine ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe anajijua, Shangazi. Siku akiniuliza, nitampa."

Loo! Huu ni mtego, nikajiambia. Anataka niulize, kisha atatoka mbio na kuwaambia wote kwamba nimekiri. Kumbe labda hakuwa anataka kitu chochote isipokuwa kuutua mzigo aliopewa. Lakini mwenye hatia huona vidole hata kwenye matawi ya miti. Nikanyanyuka, nikasema pombe inahitaji kuni zaidi.

Jumamosi asubuhi jua limeshapanda, wanaume wakaingia zizini. Mimi ni binti wa nyumba, nina haki ya kusimama langoni mwa zizi. Wake walioolewa hukaa nyuma ya nyumba, hawakatizi uwanja. Ng'ombe alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, amefungwa miguu, amelazwa ubavu. Gcinumzi akauchukua mkuki wa nyumba, ule wa babu, akawaita wazee kwa majina ya ukoo, "Bhele! Khuboni! Tunamleta Dumalisile nyumbani, mpokeeni!" Kisha akamdunga ng'ombe tumboni kwa ncha, kidogo tu, kama inavyotakiwa. Hapo ng'ombe hutakiwa kulia. Akilia, tunajua wazee wamekubali, watu wote wanapiga kelele "Camagu!", na nyama inaliwa.

Ng'ombe hakulia. Alipiga mkia chini, akahema, akatutazama.

Gcinumzi akadunga tena. Wapi!

"Labda ni bubu," mzee mmoja jirani akasema.

"Kanunuliwa kwa bubu mwenzake," mwingine akadakia. Watu wakacheka, halafu kicheko kikafa, kwa sababu mara ya tatu na mara ya nne ng'ombe alikuwa kimya vile vile, na damu imeanza kuchora mstari juu ya lile baka jeupe.

Gcinumzi akauchomeka mkuki kwenye samadi, akafuta uso kwa mkono. "Haya basi. Dumalisile ana kinyongo, au kuna mtu hapa ana kinyongo naye. Hatuchinji ng'ombe juu ya uchafu. Mwenye lawama na aseme, kila mtu atoe la kwake. Naanza mimi." Akasema kwamba kaka alipokuwa mgonjwa, yeye alimchukua farasi wa kaka bila kumwomba, akamwendesha kwenye mashindano, farasi akavunjika mguu, naye akadanganya kuwa aliteleza mtoni. Watu wakaguna. Ng'ombe akadungwa. Kimya.

Mawande akatoka mbele, mikono mfukoni kisha akakumbuka akaitoa. Akasema alikuwa Cape Town kwenye kazi ya ujenzi, akaambiwa baba amezidiwa, akangoja hadi mwisho wa wiki kwa sababu kulikuwa na mechi. Akalia, maskini, mwanamume mzima. Ng'ombe akadungwa. Kimya.

MaRhadebe akasema kutoka upande wa nyumba, kwa sauti kubwa ili asikike, kwamba siku moja alimfokea mgonjwa kwa kulowesha kitanda. "Nilimwambia, kufa basi tupumzike! Nilichoka, Dumalisile, nilichoka, nisamehe!" Hapo hata wazee waliangalia chini. Nikasema sasa atalia. Hakulia.

Basi wakanigeukia mimi.

Mungu anione, nilikuwa nalo mdomoni. Niliitwa nikakataa. Maneno machache tu. Lakini nilimwona Gcinumzi anavyonitazama, na wale majirani, na nikajiona mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, niliyerudishwa mlangoni pale pale mbele ya watu wale wale. Nikasema, tena kwa uchungu wa kweli, maana uchungu nilikuwa nao, "Mimi nina donge moja tu. Kaka alikufa hajaniona."

Sikumtaja mtu. Nakuambia tena, sikumtaja.

"Ah," akasema mzee jirani. "Basi hapo ndipo penyewe."

"MaMpinga!" Gcinumzi akaita. "Hebu njoo!"

Akaja kwa njia ya nyuma, akizunguka uwanja wote kama mke anavyopaswa, watu wanangoja. Mtoto alikuwa amempa MaRhadebe. Akapiga magoti mbali na lango la zizi. Hakumtazama Gcinumzi wala mumewe. Alinitazama mimi. Mke hamtazami shangazi namna ile, usoni, muda mrefu hivyo. Nikasema moyoni, leo nimekwisha, anatoa kila kitu. Nikaanza hata kupanga majibu: mtandao ulikuwa mbaya, sikusikia vizuri, alinong'ona. Ng'ombe akakoroma pale chini, Gcinumzi akamdunga bila hata kutazama.

MaMpinga akashusha macho. "Ni mimi," akasema. "Nilitumwa nimpigie Shangazi. Sikupiga."

Ng'ombe akalia.

Alilia mlio mrefu, mabati yakaitikia. "Camagu!" wanaume wakapiga kelele, "Camagu!", wanawake nyuma ya nyumba wakapiga vigelegele, Gcinumzi akaruka kama kijana. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Niliuona mkono wake ule wa mwisho. Alikuwa na hasira, na mkuki ulizama zaidi. Lakini nani angetaka kusikia habari za mkono? Wazee walikuwa wamesema. Hata hao wazee, nisamehe, nikaanza kuwashuku.

Nyama ya kwanza ikachomwa, ikaliwa na wa ukoo peke yao, pombe ikazunguka. Kisha Gcinumzi, mdomo una mafuta, akatoa hukumu. MaMpinga arudi kwa baba yake leo leo. Watu wake wakitaka arudi, waje naye na mbuzi wa kuosha kosa. Mtoto ni wa amaBhele, anabaki.

"Na wasipokuja?" MaRhadebe akauliza.

"Hata wakija," Mawande akasema, "mimi simtaki. Baba alikufa analia jina la dada yake kwa sababu ya uvivu wa mtu kupanda kilima."

Hapo ndipo nilipofunguka. Sijui kwa nini hapo na si zizini. Labda ni kwa sababu ya kile kilima. Nikasimama, nikasema, "Alipanda. Gcinumzi, simu ilinifikia. Alinipigia Jumanne, akanipigia Jumatano, na Alhamisi niliiacha simu ikalia. Mimi ndiye niliyekataa kuja."

Kisha Gcinumzi akatabasamu, akanishika bega. "Unaona moyo wa dada yangu?" akawaambia wenzake. "Mtu amemkosesha kumuaga kaka yake, na bado anambebea kosa lake."

"Sibebi kitu! Nasema kweli!"

"Binti wa nyumba kweli kweli," mzee jirani akasema, akaninyooshea kibuyu. "Kunywa, MaBhele. Huruma imekuzidi."

"Nyinyi hamnisikii? Alinipigia! Nilimwambia kaka ana miguu!"

Gcinumzi akaacha kutabasamu. Akaniinamia sikioni, sauti ya chini. "Dada. Ng'ombe amelia. Alilia yule mtoto aliposema hakupiga. Sasa unataka nisimame nikawaambie watu kwamba wazee wamekubali uongo? Kwamba Dumalisile hajafika? Tuchinje mwingine?" Akaninyoosha shali begani, kama unavyomtengeneza mgonjwa. "Kaa, ule."

Nilitazama wale watu mmoja mmoja. Sijui nani aliniamini. MaRhadebe aliniamini, niliona. Macho yake mazima yalinishika yakaniachia, akageuka akaanza kumlisha mtoto uji. Hata yeye alikuwa anataka mumewe awe amefika. Nikajua kwamba ningeweza kupiga kelele hadi kesho.

Nikatoka. MaMpinga alikuwa ameshafika barabarani, pale gari la pikapu la abiria linapopita, na mfuko mmoja wa plastiki. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha blauzi yake. Nilikuwa nimekimbia, nahema, na kwa umri wangu kukimbia si mchezo.

"Mwanangu," nikamwambia, "kwa nini? Kwa nini ulikubali kosa ambalo si lako?"

"Nyote mlikuwa mnamtazama ng'ombe," akasema. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nikaona hutasema. Na yule mnyama alikuwa anachomwa bure."

"Nimesema sasa. Nimewaambia wote, hawataki kusikia. Nitasema tena, nitakwenda mpaka kwa baba yako, nitapiga magoti."

"Sawa, Shangazi."

Pikapu ilikuwa inaonekana tayari, vumbi kule kwenye kona ya duka. Nikaona inakuja na lile neno langu linaondoka. Nisingeweza kungoja tena. Nikamshika mkono.

"MaMpinga. Ulisema mwenyewe akikuuliza, utampa. Nakuuliza sasa. Kaka alisema niambiwe nini?"

Akanitazama. Uso wake ulikuwa umechoka tu, hasira sikuiona, na ningependa iwepo.

"Nitajuaje, Shangazi?" akasema. "Mimi ndiye sikupiga simu. Watu wote wamesikia, ng'ombe amelia. Mtu asiyepiga simu hana salamu za mtu."

"Usinifanyie hivyo. Nakuomba."

"Sikufanyii kitu. Siku watakapomwamini yule uliyemtuma kilimani, na neno lake litakuwepo. Leo halipo."

"Sikukutuma mimi, ni kaka aliyekutuma."

"Ndiyo. Na kaka yako wamemrudisha leo. Muulize yeye."

Pikapu ikasimama. Akapanda nyuma, wanawake wenye makapu wakajisogeza wakampa nafasi, mmoja akamtazama blauzi akamvulia shali yake. Hakugeuka. Huko nyuma yangu walikuwa wameanza kuimba, na nilimsikia Gcinumzi akiniita kwa nguvu nirudi, nyama inapoa.